Kumnyang'anya Mtani Usukani

Uenyekiti wa chama chetu cha magari ya zamani sikuutafuta. Wanaume wa landrova hawakutaka kuongozwa na mtu wa pijo, na wanaume wa pijo walisema bora chama kife kuliko kiongozwe na mtu wa landrova. Mimi nilikuwa mwanamke pekee kikaoni, mjane, mwalimu mstaafu, mwenye kigari kidogo cha marehemu mume wangu ambacho hakuna aliyekionea wivu. Wakaninyooshea mikono wote. Sikuwaambia kwamba nimefundisha darasa la tatu karibu maisha yangu yote ya kazi, na kwamba sikuona tofauti kubwa.

Tuko kumi na mmoja, kutoka Lindi mjini, Kilwa na vijiji vya jirani. Magari yanayotembea ni sita, saba kama hakuna mvua. Kanuni yetu ni kwamba gari liwe limezidi miaka thelathini. Kuna bwana mmoja alituletea gari la juzijuzi tu, akadai barabara ya kijijini kwao ndiyo imelizeesha. Tulimwonea huruma, tukampa soda, tukamrudisha. Siku za matembezi kila mwanachama hubeba maji ya rejeta, waya, vipande vya mpira na mche wa sabuni wa kuzibia tangi la mafuta likianza kuvuja. Sabuni naikagua mimi mwenyewe. Asiye nayo haondoki, hata akiwa katibu, na mara mbili amekuwa katibu kweli. Huyu katibu ni fundi cherehani, jirani yangu hapa Mtanda, Lindi mjini, na huandika muhtasari wa vikao kwa mwandiko mzuri kuliko yale tuliyoyazungumza.

Mwanachama wetu mkubwa kwa umri anatoka Nyangamara. Ni mkulima wa korosho, na landrova yake imemzidi katibu kwa miaka. Watu wa kwao na watu wa kwetu ni watani tangu enzi za mababu, na wenye utani wanajua maana yake: ananiambia lolote, namwambia lolote, na atakayenuna ndiye mwenye aibu. Mzee huyu ana umri wa kunizaa. Nikifika kwake huniuliza, "Bado hujafa?" Nami hujibu kwamba nangoja nimzike yeye kwanza, kwa sababu watu wa kwao hawajui kuchimba kaburi likanyooka. Mkewe hucheka mpaka anashika nguzo ya baraza. Nampenda sana mzee yule, na nilikuwa namwambia hivyo kwa njia hiyo hiyo, yaani kwa matusi.

Sasa, gari lake ndilo la taratibu kuliko yote, kwa hiyo katika misafara yetu hutangulia ili asiachwe. Mwaka juzi tukiwa njiani alisimama ghafla katikati ya barabara, akapiga honi. Akapiga tena. Nasi nyuma tukasimama, kila mmoja akimwomba Mungu breki zake zikubali. Mzee akatoa kichwa dirishani akaanza kugomba: "We mama, ondoka barabarani! Umekaa hapo unangoja nini?" Tuliposhuka tukakuta analigombeza gunia la mkaa lililowekwa kando likisubiri mnunuzi. Tulicheka siku nzima. Mimi nilicheka kuliko wote, na kila nilipokutana naye baada ya hapo nilimuuliza kama yule mama wa mkaa hajambo.

Msimu wa korosho uliofuata hatukucheka. Tulikuwa tunapita kijiji kimoja, mzee yuko mbele, na kando ya barabara watu wameanika korosho zao kwenye turubai. Alipita juu yake. Hakupunguza mwendo wala hakukwepa, alipita tu kama anayekanyaga kivuli, na baadaye alituambia kwamba kweli alidhani ni kivuli cha mti. Mwenye korosho alikuja mbio, nikadhani anakuja kututukana, kumbe anamkimbilia mtoto. Mwanawe mdogo alikuwa amekaa pale pale juu ya turubai, akichezea korosho, na alikuwa ameinuka muda ule ule kwenda kunywa maji. Nilimwangalia yule mtoto amesimama na kikombe chake.

Kikao cha wiki ile kilikuwa kifupi. Wanaume wote walikubaliana kwamba mzee lazima aache usukani, na wote wakatazama meza. Kumwambia mtu wa umri ule maneno kama hayo si jambo dogo huku kwetu. Ndipo katibu akasema, kwa furaha ya mtu aliyeokota ufunguo, "Mwenyekiti, wewe si mtani wake? Wewe unaweza kumwambia chochote." Wakapiga makofi. Hata mimi niliona wana hoja.

Nikaenda Nyangamara. Nilipofika, mkewe alinivuta pembeni akaninong'oneza kwamba walishakwenda kwa daktari wa macho. Ni presha ya macho, na sehemu iliyokwisha kuharibika hairudi. Mzee alimkataza asimwambie mtu. Nikaenda kukaa naye barazani nikasema, "Mtani, wewe ni kipofu. Acha kuendesha gari kabla hujaua mtu."

Alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Mama!" akamwita mkewe. "Njoo umsikie huyu! Ati mimi kipofu! Babu yake alipoona gari mara ya kwanza alilikatia majani, akidhani lina njaa!"

"Mtani, nasema kweli."

"Lini watu wa kwenu wamesema kweli?"

"Wallahi nasema kweli."

"Ameapa!" Akajipiga paja. "Mtani ameapa! Leo nitalala vizuri."

Kadiri nilivyokaza uso ndivyo alivyozidi kufurahi, maana mtani anayekaza uso ndiye mtani stadi. Miaka yote ile nilikuwa nimemtukania macho yake, masikio yake, miguu yake na ukoo wake mzima, na sasa nilipokuwa na neno moja la kweli sikuwa na mahali pa kuliweka. Nilirudi Lindi na maboga mawili aliyonipa, nimekasirika, na hasira yenyewe ilikuwa ni juu yangu mwenyewe.

Katibu akashauri barua. Tukaiandika kwa lugha ya ofisi, yenye kumbukumbu namba na mhuri. Mkewe alimsomea. Baada ya wiki mbili tukapata habari kwamba mzee ameitia kwenye fremu na kuitundika sebuleni, na kila mgeni husomewa aone jinsi mtani wake anavyojua kazi: amefika mpaka kwenye mhuri!

Basi ikaja safari ya Kinjumbi. Mwanachama wetu mmoja alikuwa anaozesha binti yake huko, na tulikuwa tumeahidi magari yetu yabebe maharusi na ndugu zao kutoka nyumbani mpaka kwenye sherehe. Tulipanga kuondoka Lindi baada ya swala ya alfajiri, kwa mwendo wetu ule wa kuhesabu minazi. Niliomba Mungu landrova ya Nyangamara isiwake. Iliwaka. Jua linachomoza tukamsikia anakuja, na alipoingia pale tunapokutania kioo cha pembeni cha upande wa kushoto hakikuwapo. Kwenye boneti alikuwa amefunga ua la karatasi. Akatangaza kwamba yeye atawabeba mabibi wa bibi harusi, wote, nyuma, kwa kuwa vizee wenzake hawawaamini madereva vijana.

Wanaume wakanitazama. Mimi nikatazama ile sehemu ya kioo kilichong'oka na kujiuliza amekiacha kwenye nini.

Nilimwendea akiwa bado ameketi kwenye usukani. Alinisikia viatu. "Bado hujafa?" akasema, amejiandaa kucheka.

Sikuwa nimepanga nitakachofanya. Nilipiga goti kidogo kama nilivyofundishwa na mama yangu, nikasema, "Shikamoo, baba."

Sijawahi kumwamkia hivyo tangu tujuane. Mtani haamkiwi shikamoo. Tungeamkiana hivyo, yale matusi yote yangekosa pa kukaa. Cheko lake lilikuwa limeshafika mdomoni, likakomea pale. Aligeuza uso kunielekea, na nikaona kwamba hanitazami mimi, anatazama hatua moja pembeni yangu. Sijui kama daima ilikuwa hivyo na mimi sikuangalia vizuri kwa kuwa nilikuwa nacheka.

"Marahaba," akasema. Kisha akasema polepole, "Kumbe hali imefika huko."

"Ndiyo, baba."

Alizima gari. Akachomoa ufunguo, akautoa dirishani, na mkono wake ukanikosa kidogo ikabidi niufuate. Alishuka, akazunguka mbele huku kiganja kinapapasa boneti, kilipofika kwenye ua la karatasi akalikwepa asiliharibu, akafungua mlango wa abiria. Kigari changu nikampa katibu, ambaye siku nyingine angefurahi.

Tukaondoka. Nimeendesha magari mengi mabovu, lakini sijapata safari nzito kama ile. Usukani ulikuwa umelegea, unauzungusha nusu duara kabla tairi hazijageuka, na yeye alikuwa kimya. Nikakosea gia, kimya. Nikaingia shimoni kwa tairi zote mbili za kushoto, upande wake, akapaa, akarudi kitini, kimya. Niliona nimemlinda yule mtoto wa turubai na watoto wengine wote wa barabara hii, na kwa kufanya hivyo nimempoteza mtu pekee aliyekuwa akinitukana tangu mume wangu afe. Machozi yakaanza kunitoka, na ninyi mnajua landrova za zamani, vumbi lake likichanganyika na machozi ni udongo.

"Mtani," nikasema, "nitukane basi."

"Siwezi, mwanangu," akasema. "Umeshaniamkia."

Aliniita mwanangu. Tukaenda hivyo mpaka sauti ya matairi ilipobadilika, tunapita juu ya daraja.

"Tumefika Mbwemkuru?" akauliza.

"Tumefika."

"Maji yapo?"

Nikachungulia. Maji yalikuwapo kidogo, ya rangi ya chai ya maziwa, na ukingoni mwanamume mmoja anaosha baiskeli. Nilianza kumjibu kama mwalimu anavyojibu. Halafu nikabadili.

"Yapo kidogo," nikasema. "Na kuna mtu wa kwenu ameingiza baiskeli mtoni. Anaipigia mluzi inywe."

Daraja likaisha, tukaanza kupanda, landrova ikaanza kukohoa, nikaona basi, nimeharibu mara ya pili.

"Mwongo," akasema. "Huyo atakuwa wa kwenu." Akajiweka sawa kitini, akashika kishikio cha mlango kwa mkono wa mtu anayejua anakokwenda. "Haya, na mbele yake kuna nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza kila kitu mpaka Kinjumbi, na nusu yake ilikuwa uongo.