Msalaba wa Mti Mbichi

Fundi ametutoka. Habari niliipata Jumanne asubuhi kutoka kwa dereva wa lori la ndizi, aliyesimama mbele ya ofisi yetu hapa Tukuyu na kunipigia kelele bila hata kuteremka: "Mwalimu, yule seremala wenu wa Kisondela amefariki alfajiri. Ila kengele haijapigwa." Kwa msomaji wa mbali, maneno hayo ya mwisho yanahitaji maelezo. Kwetu, Mkristo akifa kengele ya kanisa hulia, watu mashambani wakainua vichwa na kuulizana ni nani, na siku ya kuzika tarumbeta humsindikiza hadi kaburini. Asiyepigiwa kengele ni yule aliyetengwa na meza ya Bwana, na bonde zima hulijua hilo. Fundi alitengwa kwa miaka sita. Kila tulipokutana katika miaka hiyo aliniuliza jambo moja tu, "Mwalimu, watanirudisha lini?" Nami kila mara nikamjibu, "Vuta subira, fundi." Subira! Mtu anavutishwa subira mpaka anaingia kaburini. Leo naandika nikiwa na hasira, ndugu wasomaji, na anayetaka safu ya upole afungue ukurasa wa michezo.

Nilimfahamu nilipokuwa mwalimu wa shule ya msingi kijijini kwake. Alikuwa mtu mfupi, mcheshi, mwenye penseli sikioni hata kanisani, na hapakuwa na mlango wala kitanda kule ambacho hakikupita mikononi mwake. Mwaka aliotengwa, kijiji chetu kilikuwa kimeandikishwa kuwa cha ujamaa, na kila kijiji kilikuwa mbioni kujenga ofisi. Mbao kavu zote, hata zile alizokuwa amezihifadhi darini, zilikwenda kwenye ofisi, naye alizitoa bila kinyongo. Ndipo mtoto wa jirani yake akafa kwa surua. Mama wa mtoto alitaka msalaba mchana uleule, mvua ilikuwa inakuja, na mbao hakuna. Fundi akaenda uani kwake, akakata vijiti viwili vya ule mti tunaozungushia nyua, akavifunga na kupigilia misumari, akausimamisha msalaba kaburini. Fundi yeyote anajua kwamba mti mbichi hutolewa magome na kukaushwa kwanza. Yeye pia alijua. Lakini alikuwa na haraka, na mvua ya Rungwe haimwonei mtu haya. Kwetu hata nguzo ya choo usipoiangalia huota majani.

Mwezi wa pili baada ya maziko ule msalaba ukachipua. Mti wa kusimama ulikuwa umeshika mizizi, na juu kabisa, palipotakiwa kuandikwa jina, pakatokea majani mabichi. Mama wa mtoto alikuja shuleni mbio, akiwa na jembe bado mkononi, akanivuta nikaone. Alikuwa analia na kucheka. "Kyala amenijibu, mwalimu," aliniambia, na Kyala ndiye Mungu kwa Kinyakyusa. "Mwanangu hakulala bure." Tangu siku ile alipita pale kila asubuhi kabla ya kwenda shamba, na watu wakaona ameanza kula tena. Fundi mwenyewe aliona haya kidogo, kama mtu aliyesifiwa kwa kazi mbovu. Alinikonyeza akasema, "Nimeharibu kazi, Mungu akaimalizia. Na tazama, majani yanaota matatu matatu. Wachungaji wanataka mahubiri gani tena?"

Wachungaji hawakusema neno. Waliosema ni wazee wa kanisa. Mzee kiongozi alikumbuka kwamba machifu wa zamani walizikwa penye vichaka, miti ikapandwa, babu zetu wakaenda kutambika chini yake. "Serikali imeondoa machifu," alisema, "fundi anawarudisha kupitia makaburini." Wakamwita barazani. Wakamtaka aung'oe msalaba kwa mikono yake na kukiri mbele ya watu kwamba amerudia matambiko. Fundi alisimama na kofia yake mkononi. "Wazee wangu, fimbo ya Haruni ilichipua, nanyi mnatusomea. Hakuna aliyeing'oa; iliwekwa mbele za Mungu. Yangu imechipua juu ya mtoto. Kama kosa ni kutokausha mti, nakubali, ni kosa la ufundi. Lakini kuung'oa siwezi. Mama yake anapita pale kila asubuhi, nitamwambia nini?" Walimtenga siku ileile. Msalaba waliung'oa wengine, wakautupa kwenye shimo la samadi. Na katibu wa baraza lile, ndugu wasomaji, nilikuwa mimi. Niliandika kwa hati nzuri kabisa, "Amerudia matambiko," nikijua ni uongo, kwa kuwa niliogopa kuambiwa na mimi ni wa matambiko.

Hebu nisikilizeni, maana hapa ndipo ninapopandwa na hasira. Katika kanisa lilelile, kila Desemba, wazee walewale hupeleka vijana kukata msindano wa Krismasi, wakausimamisha kando ya madhabahu na kuupachika pamba. Pamba, eti theluji! Nani Kisondela amewahi kuona theluji? Mti ule uliokatwa, unaonyauka siku ya tatu, ni wa Kikristo kwa sababu ulikuja na meli. Mti ulio hai juu ya kaburi la mtoto wetu ni wa shetani kwa sababu umeota uani kwetu. Ala! Na misalaba mingine? Ipo kwenye khanga, tunaikalia. Imechorwa juu ya vioo vya malori yanayokwenda mbio hadi yanapinduka. Vijana wanaining'iniza shingoni wakienda dansini. Hakuna mzee hata mmoja aliyeitisha baraza kwa ajili ya hiyo. Mwenge wa Uhuru ulipopita wilayani, mzee kiongozi alisimama wima mstari wa mbele, machozi yakimlenga, na sikumcheka, kwa maana kweli moto ule unasema jambo. Basi mtu anayejua kwamba moto unasema, aliwezaje kutosikia jani?

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na hadithi ya msichana aliyefukiwa na mama wa kambo, mti ukaota juu yake, ukawa unaimba kila mtu alipopita mpaka kijiji kizima kikajua nani muuaji. Alipobatizwa uzeeni, hakuiacha hadithi yake. Siku ya Pasaka alitukusanya jikoni, akatusimulia vilevile, na mwishoni akasema, "Ndivyo walivyomfanya Yesu. Walidhani wamemfukia." Basi. Hakusoma chuo, hakujua hata kuandika jina lake, lakini alijua kwamba Habari Njema ilipofika ilikuta watu wenye masikio. Sisi tuliosoma ndio tulioziba. Tumepata Uhuru, tumetaifisha mabenki, tunaimba kujitegemea asubuhi na jioni, lakini kanisani bado tunaomba ruhusa ya kuelewa. Mwenyekiti wa kijiji naye, ambaye ofisi yake imesimama kwa mbao za fundi, alipoombwa aseme neno alisema Chama hakichanganyi siasa na dini. Wote walikuwa na utaratibu. Fundi peke yake ndiye aliyebaki nje ya mlango kila Jumapili ya meza ya Bwana, akisikiliza wimbo dirishani, maana mlango aliutengeneza mwenyewe na alijua ulivyo mzito kufungua bila kelele.

Nilifika msibani saa nne. Watu wa jirani walikuwa wamekwisha kuchimba kaburi, na mjane alikaa mkekani na wanawake wenzake, kando ya jeneza, akiwasubiri wazee waliokuwa barazani tangu asubuhi wakijadili kama kengele ipigwe. Walikuja mchana, watatu, na miavuli yao. Mzee kiongozi aliinama kwa upole, na upole ule ndio unaonikera hadi sasa. "Mama, kanisa lina huruma. Wewe tuambie tu kwamba marehemu alitubu kabla ya kukata roho. Neno moja, na kengele italia sasa hivi, tarumbeta ziko tayari." Nilijua mjane anavyotaka kengele ile. Miaka sita alikwenda mezani peke yake, akirudi nyumbani ameinamisha kichwa.

"Alitubu nini, baba?" aliuliza.

"Lile la mti, mama."

"Nimeishi naye miaka thelathini. Ametubu ulevi wa ujana wake, ametubu ukali wake kwangu. Sikumsikia akitubu mti." Kisha akageuka, akanitazama mimi. "Mwalimu, wewe ndiye uliyeandika. Waambie hapa mbele ya watu. Mume wangu alikosa nini?"

Wasomaji wangu, mimi ambaye kila wiki nawafundisha ujasiri kwenye ukurasa huu, nilisafisha koo. Mzee kiongozi alikuwa ananitazama. Nikasema, "Mama, unajua, mambo haya yana utaratibu wake..."

Aliinua mkono ninyamaze. Hakukasirika, alichoka tu. Akawageukia waliochimba kaburi, akasema, "Mchukueni." Aliyetangulia kushika jeneza ni mwenye duka mmoja wa Makandana, Mwislamu, ambaye fundi alimjengea rafu za dukani. "Twendeni jamani," alisema, "maiti hasubirishwi." Wakamzika bila kengele, bila tarumbeta, na mimi nikiwa nimesimama nyuma kabisa, karibu na miavuli.

Fundi hakutubu kwa sababu hakukosa. Waliokosa ni wazee, na aliyewashikia kalamu ni mimi. Haya, nimesema, tena gazetini, na Dar es Salaam watayasoma watu wasiomjua fundi wala mkewe. Lakini mjane aliniuliza akiwa mkekani, mbele yangu, kengele ikisubiri jibu. Ukweli una mahali pake na saa yake, na ukiukimbia pale, hata uuandike kwa hati nzuri namna gani baadaye, unajisafisha wewe tu.