Siku Wasichana wa Mutoshi Waliposhindwa Bila Kucheza

Watu hudhani kazi ya refa ni kupuliza filimbi. Filimbi ni sehemu ndogo. Nimekuwa refa wa basketi ya shule za sekondari hapa Kolwezi kwa miaka mingi, kila Jumamosi, na siku za wiki nafundisha jiografia shule ya msingi. Kabla hawajanipa leseni nilifanya mtihani wa sheria, nikakimbia kwenda na kurudi uwanjani mpaka kitambi changu kikaomba msamaha, nikajitafutia shati la kijivu, suruali nyeusi na viatu vyeusi. Kisha wakatufundisha mwenendo, na mwenendo ndio mgumu. Refa hufika saa nzima kabla ya mechi. Refa hapandi gari la timu. Refa hanywi bia ya mkuu wa shule, hata kama mkuu huyo ni jirani yake na bia ni baridi. Refa hashauri timu.

Nilizishika sheria hizo na nikajivunia. Mke wangu alizoea kunitania kwamba siku moja nitampulizia filimbi kwa kutia chumvi mara mbili. Nilicheka, lakini moyoni nilifurahi kwamba hata yeye alijua mimi ni mtu wa namna gani.

Mwaka ule fainali ya wasichana ilikutanisha shule moja ya katikati ya mji na shule moja ya upande wa Mutoshi. Mshindi angekwenda kwenye mashindano ya Lubumbashi, na huko chuo kimoja kilikuwa kimeahidi kuwasomesha wasichana wawili wa timu itakayotoka kwetu. Kila mtu alijua mmoja wao angekuwa nani kama Mutoshi wangeshinda. Kapteni wao alikuwa mwaka wa sita, mwaka wa mwisho. Nilikuwa nimeamua mechi zake tatu. Aliruka kama wengine, lakini aliuona mchezo kabla haujafika. Mwalimu wao, mama mmoja anayefundisha kemia, aliwahi kuniambia mbele ya watu wote, wala si kwa siri, kwamba mtoto yule anataka kufanya kazi ya maabara na nyumbani hakuna wa kumlipia hata mwezi mmoja wa chuo. Nilimjibu, "Mama, refa hapaswi kusikia mambo hayo." Alicheka. Nilikuwa nimeshayasikia.

Alhamisi kabla ya fainali, delege, yaani mjumbe, wa kamisheni ya michezo alinifuata darasani na karatasi. Mechi ilikuwa imepangwa saa nne asubuhi. Sasa kulikuwa na mgeni mkubwa, mfadhili aliyetoa mipira ya mashindano, naye hangeweza kufika kabla ya mchana. Ili saa ibadilike, refa wa kwanza anapaswa kukubali kwa saini yake, baada ya kuhakikisha kwamba saa mpya haizuii timu yoyote kufika. Ndivyo kanuni inavyosema. Mimi nilikuwa nasahihisha madaftari ya watoto arobaini.

"Tata refa, saini tu hapa," delege akasema. "Saa nane. Bote banakubali."

Nikaiweka karatasi juu ya daftari la mtoto, nikasaini.

Mtu wa mji mwingine angesamehewa. Mimi nimezaliwa hapa. Kila Jumamosi mchana mgodi ulio kando ya barabara ya Mutoshi hulipua miamba. King'ora hulia, walinzi hushusha vizuizi, magari husimama pande zote mbili, baruti inalia, vikombe vinatikisika kabatini, kisha watu hungoja vumbi lishuke na wakaguzi wamalize kazi yao. Mke wangu hupanga mapishi yake kwa mlipuko huo. Nami nikawaita wasichana wale wapite pale saa ileile. Delege naye ni mtu wa hapa, na prefe, yaani mkuu, wa shule ya mjini ni mtu wa hapa. Sisi watu wa Kolwezi tumeuzoea mlipuko mpaka hatuusikii tena.

Niliusikia Jumamosi, nikiwa uwanjani nimeshavaa, nakagua nyavu za vikapu. Ardhi ilitikisika kidogo chini ya viatu vyangu. Nilitazama lango, nikatazama benchi tupu la wageni.

Muda si muda simu ya delege ikalia. Alikuwa mama wa kemia. Sauti yake ilikuwa juu kiasi kwamba meza nzima ilisikia.

"Tuko kwa bariere! Balifunga njia, benye mine banakatala tupite. Batoto beko tayari, balisha vaa. Mutungoje, tafazali."

Delege alimgeukia prefe wa mjini. Kanuni yetu ni kwamba timu ikichelewa inasubiriwa dakika kumi na tano, na zaidi ya hapo ni mpaka timu nyingine ikubali. Prefe alikuwa amekaa karibu na mgeni wake mkubwa. Hakuwa mtu mbaya. Alisema polepole, kama mtu anayeomba radhi, "Kama ni sisi tungechelewa, bangetungoja? Sheria ni sheria."

Kila mtu akanitazama mimi, mtu wa sheria.

Saa nane ikafika. Wasichana wa mjini walijipanga, watano mbele, wakasimama jua likiwachoma. Nikaanzisha saa. Nilifanya kila kitu ambacho refa anaweza kufanya bila kuvunja kanuni, na nilijionea aibu nikiwa nafanya. Nilidai uwanja ufagiliwe, ingawa ulikuwa umefagiliwa. Nilikagua kucha za wachezaji wote kumi na wawili. Nilipima upepo wa mpira mara mbili. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosimamisha saa. Refa mwenzangu, dada mmoja kijana mwenye macho makali, alinifuata nyuma kila mahali. Mwisho akasema, "Tata, imefika."

Nikapuliza filimbi. Ishirini kwa sifuri. Asiyekuwepo na lake halipo.

Kamyo yao, yaani lori, iliingia langoni dakika tatu baadaye. Waliruka chini kabla haijasimama, nyusi nyeupe kwa vumbi, jezi mwilini, kamba za viatu zimeshafungwa. Walikimbia moja kwa moja uwanjani wakaanza kupasha misuli moto, wawili wawili, kwa utaratibu kabisa, kwa sababu hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba mechi imekwisha. Ilibidi niwaendee mimi. Nilisema maneno ambayo nimeshayasema mara nyingi kwa timu zilizochelewa, na kwa mara ya kwanza nilisikia jinsi yalivyo mafupi.

 Mama wa kemia alimshika delege mkono, akatoka naye nje ya lango, na kutoka huko tukasikia wakibishana.

Sasa ni lazima nieleze kitu kimoja kuhusu karatasi ya mechi. Chini kabisa kuna mstari mwembamba. Kapteni akisaini pale, timu yake imepinga matokeo, na kamisheni inalazimika kukaa na kusikiliza: kwa nini walichelewa, nani aliifunga barabara, nani alibadilisha saa. Anapewa robo saa. Baada ya hapo refa anasaini, na refa akishasaini karatasi imefungwa kama kaburi. Timu za mjini zinaujua mstari huo. Timu ya Mutoshi ilikuwa kwenye fainali kwa mara ya kwanza.

Kapteni alikuja mezani peke yake. Alisimama mikono nyuma, kama wanavyosimama watoto wetu mbele ya mwalimu.

"Tata," akasema, "sasa tufanye nini?"

Karatasi ilikuwa mbele yangu. Kidole changu kilikuwa kama shubiri moja kutoka kwenye mstari ule. Nilitaka kukisogeza. Nakumbuka nilikitazama kidole hicho kana kwamba ni cha mtu mwingine.

"Uliza mwalimu wako," nikasema.

"Mwalimu eko inje, tata. Eko analia."

"Refa hashauri timu, mama."

"Sawa, tata," akasema. Akasimama kidogo tena, pengine akidhani nitaongeza neno, kisha akarudi kwa wenzake.

Nilingoja robo saa yote. Sikusaini hata sekunde moja kabla. Nilitazama lango nikiomba mama yule aingie, na niliomba pia asiingie, na hilo la pili ndilo lililonishinda kulikiri kwa muda mrefu. Kwa sababu kamisheni ingekaa ingeiomba karatasi ya Alhamisi, na karatasi ya Alhamisi ilikuwa na saini yangu. Mwenendo ulinifunga mdomo, kweli. Lakini mimi nami nilikuwa nimeushika mlango upande wa ndani.

Muda ulipokwisha nikasaini.

Nilituma ripoti. Niliandika kuhusu barabara, simu, dakika tatu. Kuhusu saini yangu sikuandika. Kamisheni ilijibu kwa sentensi moja kwamba, kwa kuwa hakuna pingamizi lililosainiwa, hakuna la kujadili. Wasichana wa mjini walikwenda Lubumbashi, na wawili kati yao wanasoma. Siwalaumu, walikuja kwa wakati.

Mwaka uliofuata nilipewa kufundisha kozi ya marefa wapya, kwenye ukumbi wa parokia. Walikuja kumi na mmoja. Yule kapteni wa Mutoshi alikuwa kwenye benchi la tatu, na daftari la shule lililobaki kurasa nyeupe nyuma. Wakati wa mapumziko nilimuuliza anafanya nini siku hizi, akasema anaosha mawe mtoni na mama yake, shaba na kobalti, lakini Jumamosi yuko huru. Alisema bila kulalamika. Alinishukuru kwa kumkumbuka.

Siku ya tatu tulifika kwenye karatasi ya mechi. Nilichora ubaoni, nikaeleza mistari yote, na nilipofika wa chini kabisa nilieleza haraka. Aliinua mkono.

"Tata, ile siku ya fainali, hii fasi ilikuwa wazi?"

"Ilikuwa wazi."

"Kwa robo saa?"

"Kwa robo saa."

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alifikiri, kisha akauliza kwa sauti ya mwanafunzi anayetaka kufaulu mtihani: "Na kama kapteni anauliza refa afanye nini, refa anapashwa kujibu nini?"

Kalamu zilikuwa zimeshikwa, watu kumi na mmoja wananingoja. Ningeweza kusema mengi. 

"Refa hashauri timu," nikasema.

Aliinama akaandika, na wengine wote wakaandika.