Nyota Tano kwa Kitabu Nisichokisoma

Mwanangu, siku niliyoumbuliwa sokoni na mama asiyejua kusoma naikumbuka mpaka shati nililovaa. Nakusimulia leo kwa sababu ya ujumbe wako wa asubuhi, na nikwambie mapema kwamba umeniudhi. Umeniudhi sana. Umeandika historia ya vijiji vya huko kwenu Butiama, vizuri, hongera. Halafu unaniambia, "Mzee, nipe nyota tano kwenye ukurasa wako, na mimi nitakupa tano kwenye wangu." Kitabu chenyewe hujanitumia. Umenitumia picha ya jalada! Sasa nyota hizo niipe picha?

Basi tulia unisikilize.

Nilikuwa ndiyo kwanza naanza. Nilishachapisha vijitabu viwili vya historia ya watu wa ziwani, navibeba mwenyewe kwenye begi, nauza sokoni Mwigobero, hapa Musoma, kando ya wauza dagaa, na stendi ya Bunda. Mtandaoni nilikuwa na blogu ya kuhakiki vitabu, na kwa kuwa huku kwetu sikumjua mwingine wa kazi hiyo, watu wakaanza kuniita mhakiki. Mhakiki! Kichwa kikavimba. Tulikuwa waandishi watano hivi tuliojuana, na desturi yetu ilikuwa moja: ukitoa kitabu, wenzako wanakisifu kabla wino haujakauka. Wewe unanisifu, mimi nakusifu, wote tunaonekana wakubwa. Tukauita huo upendo.

Mmoja wetu alikuwa Mafuru, mtu wa upande wa Suguti, mcheshi, rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Alipotoa historia ya kijiji chao, nilisoma utangulizi, nikaruka mpaka sura ya mwisho, nikaandika kwenye blogu: "Hiki ni ukweli mtupu. Nyota tano." Toleo la pili likatoka na maneno yangu nyuma ya jalada, jina langu kwa herufi nene. Nilimwonyesha kila mtu, hata padri.

Asubuhi moja niko Mwigobero nimepanga vitabu vyangu, akaja mama mtu mzima, khanga kaifunga kiunoni, kitabu cha Mafuru kakishika mkononi. Hakunisalimia.

"Ni wewe umesema hiki ni ukweli mtupu?"

"Ndiyo mama, ni mimi," nikajibu nikitabasamu. Nilidhani anataka nimsainie.

"Pale anaposema ukoo wetu ni wageni, eti tulipewaga pa kulala tu, ulipasoma?"

Loo! Sikuwa na habari kama ukurasa huo upo. Akanieleza palepale, wauza dagaa wote wameacha kuuza wanasikiliza. Jina lake Bibi Nyabise. Kaka yake Mafuru alikuwa amekipeleka kitabu kile kwenye baraza la kata, analidai shamba la akina Bibi Nyabise la kando ya ziwa. Ndani ya shamba hilo kalala mume wake Bibi Nyabise, na watoto wake wawili. Wazee wa baraza walikuwa wakisita, mpaka walipogeuza jalada wakaona mhakiki wa Musoma amethibitisha. Wiki iliyofuata shauri lingeamuliwa.

Nikaanza kujitetea. Eti mhakiki hutazama lugha, hutazama mtiririko, sijui na nini. Akanikatiza.

"Ulikisoma chote?"

Nikaanza kupanga upya vitabu vyangu.

"Basi wewe ni mwongo kumshinda Mafuru. Yeye ameandika alichoambiwa na baba yake. Wewe nani alikwambia?" Akanitupia kitabu juu ya vitabu vyangu. "Njoo nyumbani unisomee. Mimi kusoma sijui, ila masikio ninayo."

Nilienda, mwanangu. Siku tatu nilikaa kwenye kigoda barazani kwake nikisoma ukurasa kwa ukurasa, yeye anamenya mihogo. Nilitegemea atatukana kila mstari. Wapi! Nilipofika sura ya njaa aliacha kisu. "Hapo Mafuru amefanya kazi nzuri. Ndivyo tulivyokuwaga." Nilipofika ukurasa wao, aliniambia niurudie. Kisha akasema, "Kisima cha pale shambani alichimba baba mkwe wangu. Kamuulize Mafuru, utotoni maji alikunywaga wapi?" Halafu akaniambia niendelee kusoma.

Unanielewa? Kitabu kilichotaka kumnyang'anya makaburi ya watoto wake, alikisikiliza mpaka neno la mwisho, na palipo pazuri akasifu. Mimi niliyepewa bure, nikakaa nacho kwenye kiti cha starehe, nilishindwa.

Siku ya baraza nilisimama mbele ya watu nikasema: sikukisoma. Nilisifu nisichokijua kwa sababu mwandishi ni rafiki yangu. Nikawaeleza na habari ya kisima. Watu waliguna, na mmoja akacheka kwa sauti. Wazee wakakiweka kitabu pembeni, wakatoka kwenda kukiona kisima na kuwauliza majirani wenyewe. Shamba likabaki kwa Bibi Nyabise. Mafuru hajanisalimia tena mpaka leo, na inaniuma, maana nilimpenda kweli.

Sasa wewe unaniletea biashara ileile! Hivi unawajua wote uliowataja humo? Unajua nani atakibeba kitabu chako, akipeleke wapi, akamtolee nani shambani kwake? Hasira hii si ya bure. Kwako najiona mimi mwenyewe nikiwa kijana, na sijipendi.

Nasaha yangu ni hii. Usisifu kitabu ambacho hujakimaliza, hata kiwe cha ndugu yako wa tumbo moja. Na kabla hujachapisha chako, beba karatasi zako uende kwa wale ulioandika habari zao, uwasomee kwa sauti, hasa wale ambao hukuwasema vizuri. Wakikukatiza, kaa kimya uandike.

Kitabu kilete. Nitakisoma chote, na nyota utazipata zile utakazostahili, hata ikiwa moja. Mungu akupe masikio ya Bibi Nyabise, mwanangu. Na siku kitabu chako kitakapokutangulia kwenye mji wa mtu aliyeandikwa ndani yake, akuone unakuja, akusalimie, akupe kigoda.