Siku Nilichota Pemba mu Musée

Mucheke tu, bamama, haya ya siku ile ingali mu mwili wangu. Mujukulu wangu Kalenga anachoraka bile bintu banaitaka tablo (mutu hakuna, nyumba hakuna, vumbi na majivu tu!), basi musée, ile nyumba ya kuonyesha kazi za wachoraji, ikamupatia salle, chumba kizima, atie mo kazi yake yote tangu ujana. Nikaenda nimefunga kikwembe kipya, shingo juu, sababu miye njo nilimulea, mama yake, binti yangu Monga, alikufaka yee angali anatambaa.

Sasa kwetu mutoto akipata heshima, mukubwa anamupaka pemba, ule udongo mweupe, ku uso, na mwenye kupakwa hasemake neno mpaka mukubwa amalize. Pemba yangu niliisahau ku nyumba, kule Katuba. Lakini angalia chini, katikati ya salle: pemba, mingi, nyeupe, imemwangwa kama unga, na kamba kuizunguka! Nikasema, ah, bwana yangu (mujukulu mwanaume njo bwana, munajua) ametayarisha. Nikaruka kamba, nikachota mukono muzima, nikamupaka Kalenga paji, mashavu, kidevu. Yee kimya, macho imejaa maji. Nikafikiri ni furaha!

Bantu bakapiga makofi. Madame mumoja wa viatu virefu, na sauti ya mu pua: «Maman, et moi? Na miye?» Nikachota, nikamupaka. Akafuata patron mwenye tumbo, akafuata mwingine, wakapanga mulolongo, miye nachota tu, nimekuwa askofu! Mpaka mulinzi alipiga kelele: «Mais maman! Ile ni tablo!»

Nikaficha mukono ndani ya kikwembe.

Kalenga akanishika mukono, tukapanda ngazi. Toka juu, ile vumbi yote kumbe ni uso wa Monga wangu. Na ku shavu, tundu kubwa, na alama ya bidole byangu.

«Bwana yangu, nimekuharibia mama.»

Akasema pole pole: «Bibi yangu, nilimuchora ku foto tu, miye simukumbuke. Shavu yake ilikuwa namna gani?»

Akashuka na pemba ingine, akapiga magoti, wageni bote banaangalia na nyuso zao nyeupe, na miye ku ngazi napiga kelele kama mwenye kuuza samaki: «Ijaze kidogo! Hapana, hapana, alipocheka ilipanda! Apo! Acha apo!»

Uso muzima ni wa foto, lakini ile shavu njo Monga.

Tangu siku ile, nikiingia musée mikono nafungia ndani ya kikwembe. Kinywa, hapana, hiyo sifunge.