Majaruba Ambayo Sikuyachora

Juzi mwanangu alivunja betri kuukuu ya redio kwa jiwe, unga wake mweusi ukamwagika barazani, na ile harufu ikanirudisha darasa la sita bila kuniuliza kama nataka kurudi. Shule yetu, si mbali na Dutwa, haikuwa na rangi ya ubao. Kila muhula tuliambiwa tulete betri zilizokwisha. Tulizitwanga, tukachanganya unga wake na majani ya viazi vitamu, tukapaka, na kwa wiki nzima darasa likanuka chuma na majani mabichi. Mikono yetu ilibaki myeusi hata Jumapili kanisani.

Kwenye ubao uliotoka kupakwa hivyo ndipo mwalimu wetu wa jiografia alipotuchorea Madagaska. Alikuwa kijana mwembamba, mkali kwa asiyejua na mpole kwa anayejua, na kitabu cha jiografia kilikuwa kimoja tu shule nzima, chake. Kisiwa kilitokea pale ubaoni kama unyayo wa mguu wa kushoto. Akatuambia hii ni nchi nzima, hakuna kisiwa kikubwa kuliko hiki Afrika yote, na haipakani na mtu. Kisha tukaimba ncha zake. Kaskazini, Rasi ya Ambre. Kusini, Rasi ya Mtakatifu Maria. Ncha za mashariki na magharibi hazikuwa na majina makubwa, basi tuliandika “karibu na Antalaha” na “karibu na Morombe”, na tuliyatamka kwa Kisukuma chetu kiasi kwamba wenyeji wa huko wasingejua tunasema wapi. Vipo na visiwa vidogo pembeni, alisema mwalimu. Navyo ni vya nchi hiyo hiyo, lakini msihangaike navyo, kwenye mtihani chora kile kikubwa tu.

Mimi maji makubwa niliyokuwa nimeyaona maishani ni ya ziwa, siku tuliyokwenda kumsalimia shangazi kule Kalemela. Lakini kilichonikaa kichwani hakikuwa maji. Ni kule kutopakana na mtu. Nilimwonea wivu kila mtoto wa Madagaska, maana sisi tulikuwa tumepakana na baba mdogo.

Baba mdogo Masanja alikuwa mdogo wake baba yangu. Baba alipofariki, mimi nikiwa darasa la nne, shamba lilibaki kwa mama, mimi na wadogo zangu wawili. Kati yetu na baba mdogo palikuwa na mstari wa katani, na kila baada ya mavuno mstari ule ulionekana umesogea upande wetu kidogo. Mama hakugombana naye. Alisema tu kwamba katani za kwetu zina miguu, tukacheka, kisha akaenda kulima kilichobaki.

Ng'ambo ya mto, kwenye mbuga ya udongo mweusi, tulikuwa pia na majaruba manne ya mpunga. Mama na baba waliyainua matuta yake kwa mikono yao, mwaka niliozaliwa. Zamani hakuna aliyeyatamani, na baba mdogo aliyaita shamba la vyura. Halafu likaingia soko huria. Tulizoea kupeleka pamba chama cha msingi cha ushirika na kungoja malipo, sasa wakaja wanunuzi binafsi, kila mmoja na mizani yake na maneno yake matamu. Nyuma yao wakaja watu wa Mwanza na malori yao ya Fuso, wakitafuta mpunga nyumba hadi nyumba. Shamba la vyura likawa ndilo linalotulisha na kutuvalisha sare za shule. Na baba mdogo akaacha kulicheka.

Mwezi uleule wa Madagaska mwalimu akatupa kazi: kila mmoja achore ramani ya mahali anapopajua, aonyeshe ncha nne. Wenzangu walichora shule. Mimi nilichora shamba letu, kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, baada ya kulizunguka siku mbili nikihesabu hatua kwa sauti huku ng'ombe wa jirani wakinishangaa. Nililizungushia bahari pande zote, penseli ya bluu ikaisha. Kaskazini niliandika Rasi ya Mnyaa, kusini Rasi ya Kichuguu, magharibi Rasi ya Mto. Mashariki, pale choo chetu kilipokuwa, nikaandika Rasi ya Choo, na mama nilipomsomea alisema hiyo niifute, kuna watu wanatuheshimu. Majaruba sikuyachora. Yalikuwa ng'ambo ya maji, peke yake, madogo. Nilifuata sheria ya mwalimu. Alinipa kumi juu ya kumi, akaandika kwa kalamu nyekundu “Safi sana.”

Sifa hizo zilimfikia baba mdogo. Alikuja jioni, akaketi, akapewa maji, akasema kwa upole ambao hakuwa nao siku zote, “Minza, nasikia umetuchora. Hebu nione.” Nilimletea nikikimbia. Alikuwa anajua kusoma. Aliitazama muda mrefu, akaweka kidole upande wa mto.

“Na huku ng'ambo?”

“Huko hakuchorwi, baba. Tunachora kisiwa kikubwa tu.”

Akacheka, akanipapasa kichwa, akaomba aazime ramani akawaonyeshe watoto wake. Nilimpa. Niliona fahari, kusema kweli, kwa sababu watoto wake walikuwa wanapata mbili na tatu.

Wiki mbili baadaye tuliitwa kwake asubuhi. Walikuwapo banamhala, yaani wazee wa ukoo, na ofisa mtendaji wa kijiji na daftari lake. Baba mdogo alisema majaruba hayakuwa ya marehemu kaka yake. Yeye alimwazima tu, na sasa anayataka. Mama akasema majaruba ni yao, waliyainua yeye na mumewe, twendeni mkayaone matuta yenyewe. Na kweli desturi yetu ndiyo hiyo: wazee hutembea mpaka kwa miguu pamoja na mwenye shamba, na anayeutembea ndiye anayeushuhudia. Lakini mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, mto umejaa, na wawili kati ya wale wazee walitembelea fimbo. Hakuna aliyetaka kuvuka. Baba mdogo akatoa karatasi yangu mfukoni, akaikunjua taratibu.

Mtendaji aliipenda mara moja. Alikuwa mtu wa karatasi, na hii ilikuwa na alama ya mwalimu wa serikali. Akaniita mbele.

“Umechora wewe?”

“Ndiyo, shikamoo.”

“Ni shamba lote la mama yako?”

Nawaambieni ninyi jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nilielewa. Mtoto wa miaka kumi na miwili si mjinga. Niliuona uso wa mama na nikajua kinachoulizwa. Lakini nikisema kuna kipande nimeacha, ramani itakuwa na kosa, na ile kumi juu ya kumi itakuwa ya bure, mbele ya wazee wote na mbele ya watoto wa baba mdogo waliokuwa wanachungulia mlangoni. Nikasema, “Lote. Nimelipima kwa hatua.”

Wazee wakanong'ona. Mmoja akamgeukia mama. “Mayu,” yaani mama, “mtoto wako amekosea?”

Mama akajibu, “Mwanangu amechora alivyofundishwa.”

Hakuna aliyemuuliza nilifundishwa nini. Mtendaji akaandika kwenye daftari lake, na majaruba yakawa ya baba mdogo.

Mama hakunichapa. Hakunisema hata kidogo, na hilo liliniuma kuliko fimbo. Msimu uliofuata alikwenda kufanya kibarua cha kupandikiza mpunga katika majaruba yale yale, akiwa ameinama kwenye matope aliyoyajua kuliko mtu yeyote, na mke wa baba mdogo amesimama kwenye tuta akimwelekeza. Alinichukua twende wote. Kazi ilipokwisha hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alinizungusha kona zote nne. Hapa kuna jiwe jeusi. Hapa mgunga uliokatwa. Hapa baba yako alizika mtungi uliovunjika. Hapa ndipo maji yanapoingilia. “Umeona?” akaniuliza. Nikamwambia, “Nimeona, mayu.”

Alifanya hivyo kila mwaka. Nilipokuwa sekondari nikija likizo, alinipeleka. Nilipopata kazi Bariadi mjini nikaja na viatu vya ofisini, alinipeleka navyo vikaharibika, nami nikanung'unika njia nzima. Nilidhani ananikumbusha kosa langu. Baadaye nikadhani ni uzee tu, mtu kupenda mahali pake pa zamani. Magoti yalipomshinda aliniegemea begani, tukazunguka polepole.

Tulipomzika, mmoja wa wale banamhala alikuwa bado hai, amepofuka jicho moja. Alinishika mkono, tukasalimiana, akasema kama anayesimulia habari ya hali ya hewa, “Mama yako alitujia mara nyingi juu ya yale majaruba. Tulimwambia aje yule aliyechora, aseme mwenyewe, tutayarudisha. Akasema hawezi kukutuma ukaseme mbele ya watu kwamba ulidanganya. Utakuja mwenyewe ukiwa tayari.”

Baba mdogo alikuwa amekaa hatua chache tu kutoka pale, anakula ubwabwa wa msiba uliotoka kwenye majaruba yale. Kumbe miaka yote ile mama hakuwa ananifundisha mipaka wala hakuwa ananiadhibu. Alikuwa ananiandaa niwe shahidi wake, na alikuwa ananiomba kwa njia pekee ambayo isingeniaibisha. Kila mwaka alisimama na mimi kwenye kona ya mwisho, akaniuliza, “Umeona?” Na kila mwaka nilimjibu nimeona, nikaosha miguu, nikachukua begi langu, nikarudi mjini.