Rangi Nene ya Mholanzi

Siku yangu ya kwanza kazini Guangzhou, mkurugenzi wetu, Mama Upendo, mfanyabiashara wa Moshi mwenye ofisi pale jengo la Tianxiu, alinikabidhi tochi. "Baba Neema, hapa huangalii picha nzuri," alisema. "Unaangalia brashi imepita vipi." Tulinunua nakala za picha maarufu, zilizochorwa kwa mkono, kwa ajili ya mahoteli ya nyumbani. Mimi nilikuwa mkaguzi.

Ninyi vijana mnaotazama picha kwenye simu, tochi ile mtaishangaa. Unaimulika kutoka pembeni, na kila mnundu wa rangi unatupa kivuli chake. Tuliowanakili zaidi ni wale wachoraji wa Ulaya waliochoka kukimbizana na mwanga wa jua kama wenzao waliowatangulia, kila mmoja akashika njia yake. Karakanani tuliwaita kwa lakabu. Bwana Nukta alitia rangi kwa vidoadoa, na jicho lako ndilo linalovichanganya ukisimama mbali. Bwana Matofaa alijenga tunda kwa mabapa ya rangi kama fundi anayepanga matofali, na meza zake zimepinda makusudi, ukizinyoosha, umeharibu. Wa Visiwani alitandaza rangi bapa, akaizungushia mstari mzito. Na Mholanzi, Mungu amrehemu, alipaka rangi nene, kila mpigo wa brashi ukionekana unakimbilia wapi. Huyo ndiye aliyenitesa.

Nilipozoea, nilihamishiwa karakana ya pembeni mwa jiji, chini ya msimamizi tuliyemwita laoban, yaani bosi. Hapo alikuwepo mchoraji Lan, dada mkimya lakini mbishi. Laoban alimtaka apake nyembamba ili ikauke upesi. Yeye akasema huyo hatakuwa Mholanzi tena. Siku picha ya alizeti ya hoteli moja ya Arusha ilipotakiwa uwanja wa Baiyun kupanda ndege, laoban alitangaza mbele yetu: nisipoipiga chaki kwa nyuma, Lan akusanye brashi zake aondoke.

Kwa desturi yetu, chaki ilimaanisha picha ni sahihi na imekauka. Nikawasha tochi. Sahihi kabisa; sijawahi kuona alizeti zenye hasira kama zile. Nikachoma pini pembezoni, penye mnundu. Ikatoka na umanjano. Juu imeganda, ndani mbichi. Na picha mbichi ukiikunja kuitia kwenye bomba la karatasi ngumu, inafika imegandamana kama chapati zilizorundikwa zikiwa moto.

Simu ikaita.

"Wakala wa mizigo yuko hapa ananikodolea macho," Mama Upendo alifoka. "Imekauka, haijakauka?"

"Haijakauka, Mama. Lakini naipiga chaki."

"Umerogwa?"

"Hatuikunji. Inakwenda na fremu yake ndani ya boksi la mbao, uso wake usiguse kitu."

"Kago hawachukui boksi kubwa hivyo bila kubuku nafasi mapema!"

"Wabembeleze, Mama. Wewe ukiamua hawakuwezi."

Aliposema tena sauti ilikuwa ya taratibu, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi. "Sawa. Ikifika imeharibika, na wewe tafuta ndege ya kurudi kwenu."

Nikapiga chaki. Laoban akaishika pini, akauona umanjano. "Bu xing," akasema, haiwezekani. Nikamjibu kwamba chaki ni yangu na lawama ni zangu. Lan alikuwa ameshakwenda kumwita seremala.

Tukasubiri. Mteja alipopiga simu ya video, ofisi nzima tulibanana mbele ya simu ya Mama Upendo, tukitazama skrubu zikifunguliwa moja moja. Kifuniko kikatoka. Alizeti zilikuwa nzima. Mama Upendo alinizaba kofi la mgongoni, akasema, "Mwambie laoban, za Mholanzi zote apake yule dada." Lan akabaki na kazi yake.

Sasa nimestaafu. Siku hizi mashine zinachapa hadi minundu, na sina ugomvi nazo, ingawa sizipendi. Majuzi nilipita Arusha na mke wangu, tukaingia hoteli ile. Picha iko ukumbini, mwanga wa dirisha ukiipiga kwa ubavu. Nikanyoosha kidole taratibu, kuhakikisha kama imekauka.

Mlinzi akaja mbio. "Shikamoo mzee. Samahani, hiyo haiguswi."

Nikaitikia marahaba, nikarudisha mkono mfukoni, machozi yakinilengalenga.