Mkanda wa Mzee Kombo

Walisema sitaweza. Siku hiyo naikumbuka kama ya juzi, mwanangu. Nimeketi kwenye baraza la kahawa hapa Kiegeani, benchi linalia chini yangu, nikawatangazia wazee kwamba nitapungua mpaka suruali yangu ya harusi inienee tena. Mzee Kombo, fundi wa mitumbwi, aliweka kikombe chini ili acheke vizuri.

"Wewe, Bwana Diploma? Utapunguza urefu wa shati, si tumbo!"

"Mwacheni ajaribu," akasema muuza kahawa. "Ila akae katikati. Akikaa pembeni, benchi linapinduka."

Nilicheka nao, lakini iliniuma. Mimi si mtu wa kuambiwa sitaweza. Nilivuka kwenda bara na mfuko mmoja wa nguo, nikabeba mizigo sokoni, nikasoma mpaka nikapata stashahada ya ugavi. Cheti kiko ukutani, njoo ukisome. Nyumba hii yenye marumaru hadi kibarazani nimeijenga mwenyewe, wala sikusaidiwa tofali. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Nikarudi nyumbani na cheti kimoja mkononi na kingine tumboni, maana siku zile watu walikisoma kitambi kama shahada.

Nilikuwa na umri kama wako, thelathini na kitu. Wiki hiyohiyo daktari alikuwa amenipima presha, akarudia kupima, kisha akaniuliza baba yangu alikufa kwa nini.

"Kiharusi," nikamjibu.

"Akiwa na miaka mingapi?"

"Arobaini na mbili."

Akaandika. Njiani nilipiga hesabu ya miaka iliyonibakia, nikamkumbuka binti yangu Zuhura. Alikuwa na miaka minne. Mimi nilikuwa na saba nilipoona mdomo wa baba umekwenda upande, na sikutaka mtoto wangu aje kuusimulia wangu.

Sasa sikiliza kosa la msomi. Niliagiza majani ya chai ya kupunguza unene kutoka bara, kwa bei ya gunia la mchele. Nakiri, chai ile ilinitembeza sana: kitandani hadi chooni, chooni hadi kitandani. Baada ya wiki mbili kilichopungua ni mfuko.

Nikiwa katika hali hiyo, akaja shangazi yangu Bi Hadia, dada wa marehemu baba. Alinikuta mezani peke yangu na sahani kama ungo, wali umezama kwenye kasimile, yaani tui zito la kwanza, chapati mbili pembeni na soda. Mke wangu na Zuhura walikuwa chini mkekani, wanakula kwenye sinia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Huko juu umepanda kutafuta nini?"

"Nakula, shangazi."

"Naona. Baba yako naye alianza hivyohivyo. Alipopata kazi ya mshahara akahama sinia, akataka meza na sahani yake. Kasimile ya sikukuu akaifanya ya kila siku, eti ndiyo heshima. Nilinyamaza kwa sababu alikuwa kaka yangu mkubwa. Wewe nimekulea, sinyamazi. Shuka!"

Nikashuka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi kuinama kwenyewe nilikuwa siwezi. Mke wangu alinishika mkono nikakaa kwa awamu.

Mwanangu, kwenye sinia kuna adabu ambayo chuoni hawakunifundisha. Unakula mbele yako, huvuki kwenda kwa mwenzio. Tonge lako dogo, na samaki hugawiwa na mkubwa wa sinia. Ukimega haraka, watu wote wanakuona. Siku ile mgawaji alikuwa shangazi, na mbele yangu aliweka wali kidogo, mchicha mwingi na kipande cha samaki changu wa kuchoma. Wenzangu walipomaliza nami nikamaliza, maana nani atabaki anakombeleza sinia mbele ya mtoto wa miaka minne?

"Baba, umeshiba?" Zuhura akaniuliza.

"Nimeshiba," nikasema. Nilimdanganya siku hiyo. Mwezi uliofuata ikawa kweli.

Tangu hapo kasimile ikarudi kwenye sikukuu, siku nyingine tukapikia tui jepesi. Muhogo tukauchemsha badala ya kuukaanga, sukari ya chai ikashuka kijiko baada ya kijiko, soda nikaiaga. Gharama ya chakula ikapungua! Pesa zangu zilikuwa zimeishia kwenye marumaru na majani ya chai, kwa hiyo vya mazoezi niliazima: jembe kwa jirani yangu Bi Siti, na baiskeli isiyo na breki kwa Mwalimu Peter, mgeni wetu kutoka bara. Nililima viazi vitamu na mchicha, na jioni nikaendesha. Siku moja nilifika hadi kijiji cha Bweni, mwisho wa kisiwa, na barabara ile unaijua.

Basi mchana mmoja napita mbele ya baraza, nimekumbatia kapu la viazi kwa mikono miwili, suruali ikaamua kubaki nyuma. Kelele zilizopigwa pale, afadhali nisizisimulie. Mzee Kombo alikuja mbio huku akivua mkanda wake.

"Azima huu, Bwana Diploma, mpaka utakaponenepa tena. Nakupa mwezi!"

Mwezi ukapita, na mwaka ukapita. Daktari akanipima, akarudia kupima, safari hii akacheka.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Usinunue wembamba dukani, wala usijishindishe njaa ukaanguka shambani. Pima presha kabla haijakupima. Kula na watu wako, mbele yako, kiasi chako. Tamaa mbele, mauti nyuma. Jasho ni bure, na mchicha unaota hata nyuma ya choo.

Siku ya kurudisha vya watu nilivaa suruali ya harusi. Bi Siti nilimpelekea jembe lake na mafungu mawili ya mchicha. Mwalimu Peter alipata baiskeli yake, nimeifunga breki mpya. Mwisho nikaenda barazani, nikampa Mzee Kombo mkanda na kapu la viazi. Akaugeuza, akahesabu matundu niliyotoboa kila nilipopungua.

"Nilikuazima wenye matundu matatu. Haya sita ndiyo riba?"

"Riba haramu, mzee. Hayo ni zawadi."

Akaufunga kiunoni mwake, akavuta hadi tundu langu la mwisho, haukufika. Akalitazama tumbo lake, akanitazama mimi.

"Shangazi yako," akasema polepole, "leo anapakua saa ngapi?"

Nikamsogezea nafasi akae, nikiwa pembeni ya benchi, na benchi halikupinduka. Nawe mwanangu, Mola akupe afya, akupe sinia lisilokosa watu, na akujaalie uwaone wanao wakizeeka.